Nyongeza ya adhabu kwa ushawishi usiofaa dhidi ya mtoto: mwongozo kamili wa mahakama za shirikisho za Marekani

Adhabu katika mahakama za shirikisho za Marekani huanzia kwenye hesabu. Kila kosa lina ngazi yake ya kuanzia, ngazi hupanda au kushuka kufuatana na yaliyotendeka, kisha jedwali linatoa idadi ya miezi. Kwenye makosa ya kingono dhidi ya watoto ipo nyongeza moja ya ngazi 2 inayozua ubishi kila kukicha. Ni ile inayomwangukia mshtakiwa endapo yeye au mwenzake alimshawishi mtoto isivyofaa mpaka akaingia katika tendo lililokatazwa. Utaikuta kwenye kifungu cha 2G1.3(b)(2)(B) cha Mwongozo wa Adhabu wa Tume ya Adhabu ya Marekani.

Naandika kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria, mkalimani wa mahakamani, msaidizi wa wakili, au ndugu aliyejikuta anafuatilia kesi ya namna hii ugenini. Ubishi mwingi unatokana na uvivu wa pande zote mbili. Upande wa mashtaka unataja tofauti ya umri na kuketi. Utetezi nao unasema "binti alikuja kwa miguu yake" na kuketi. Hakuna kati yao aliyejibu swali lenyewe, nalo ni hili: hiari ya mtoto ilifanywa nini, na nani, kwa njia gani, na ushahidi uko wapi?

Hatua ya 1: Jua uko kwenye kifungu gani

Ushawishi usiofaa unatajwa zaidi ya mara moja katika Mwongozo, na uzito wake haulingani. Kifungu cha 2G1.3 kinashughulikia biashara ya ngono ya watoto, kumsafirisha mtoto kwa ajili hiyo, na kumrubuni kwa simu au intaneti. Hapo nyongeza ni ngazi 2. Kifungu cha 2A3.2, kinachohusu kosa la kingono dhidi ya mtoto wa chini ya miaka 16 pasipo nguvu, kinaongeza ngazi 4, ila kwa sharti: kama mshtakiwa tayari ameongezewa kwa sababu mtoto alikuwa chini ya ulinzi au malezi yake, ushawishi hauongezwi tena. Sharti hilo halimo katika 2G1.3. Huko, baba wa kambo aliyemlea binti anaweza kupata ngazi 2 za malezi na ngazi 2 za ushawishi, alimradi mambo yanayothibitisha kila moja yapo.

Angalia pia toleo. Kanuni ni kutumia Mwongozo uliopo siku adhabu inapotolewa. Lakini kama huo ni mkali kuliko uliokuwapo siku ya kosa, unarudi kwenye ule wa zamani. Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2013. Kesi za watoto huchelewa sana kufika mahakamani, kwa hiyo jambo hili si la nadharia.

Kabla hujaenda mbali, soma kifungu kidogo cha (c) cha 2G1.3. Iwapo kulikuwa na nguvu, vitisho vizito au dawa za kulevya za kumlegeza mtoto, au alipigwa picha za ngono, hesabu inaweza kuhamishiwa kifungu kingine chenye ngazi za juu zaidi. Wapo waliobishana ngazi 2 asubuhi nzima kumbe kesi yao haikuwa hapo.

Hatua ya 2: Yupo mtoto wa kweli? Na nani ni mshiriki?

Mtoto hapa ni mtu wa chini ya miaka 18. Kwa madhumuni mengine ya kifungu hata askari kanzu aliyejifanya binti wa miaka 14 mtandaoni huhesabiwa kuwa mtoto. Kwa ushawishi usiofaa, hapana. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 11 (mzunguko ni kanda ya mahakama za rufaa) ilisema nyongeza inaweza kutumika hata pale "mtoto" alipokuwa askari, kwa kuangalia nia ya mshtakiwa. Mwaka 2003 Mzunguko wa 7 ukakataa: haiwezekani kuvunja hiari ya mtu ambaye hayupo. Mzunguko wa 6 ukafuata mkondo huo mwaka 2005. Tume ikakata mzizi wa fitina kwa marekebisho yaliyoanza Novemba 2009: ikiwa mtoto pekee katika kosa ni askari kanzu, nyongeza haitumiki.

Neno "pekee" ndilo la kuangaliwa. Kama kwenye simu ya mshtakiwa yamepatikana mazungumzo na mtoto halisi, na mazungumzo hayo ni sehemu ya kosa lenyewe, mlango unafunguka tena.

Mshiriki ni mtu yeyote anayebeba jinai ya kosa hilo, hata kama hajatiwa hatiani. Kwa hiyo aliyemshawishi mtoto si lazima awe mshtakiwa aliyesimama kizimbani. Katika biashara hii mara nyingi anayemnasa binti ni msichana mwenzake mkubwa kidogo, huku kuwadi akikaa nyuma. Taja kwa jina kila mshiriki na alichofanya yeye. Kusema "washtakiwa walimshawishi" hakutoshi.

Hatua ya 3: Pima pengo la umri

Maelezo ya kifungu yanasema mshiriki akimzidi mtoto kwa angalau miaka 10, ipo dhana kwamba alimshawishi isivyofaa, na dhana hiyo inaweza kukanushwa. Chukua tarehe za kuzaliwa, si umri wa kutajwa mdomoni. Mshtakiwa wa miaka 26 na binti wa miaka 16 wanaweza kuwa wamepishana miaka 10 na miezi 3, au miaka 9 na miezi 8. Kwa hali hiyo ya pili dhana haipo.

Kumbuka dhana inamfuata mshiriki yeyote. Mshtakiwa akiwa na miaka 23, lakini mwenzake aliyemtunza binti na kumpangia wateja ana miaka 35, dhana imeingia kupitia huyo mwenzake.

Hapa nina tahadhari ambayo naona wengi wanaipuuza. Dhana hii haimo katika kifungu chenyewe, imo katika maelezo ya Tume. Tangu uamuzi wa mwaka 2019 wa Mahakama Kuu Zaidi kuhusu tafsiri ya kanuni za taasisi za serikali, baadhi ya mahakama za rufaa, ukiwamo Mzunguko wa 3, zinasema maelezo ya Tume yanafuatwa tu pale maneno ya kifungu yanapokuwa na utata kweli. Nyingine hazijakubali. Kesi yako ikisimama kwa dhana peke yake, umejenga juu ya ardhi inayobishaniwa. Chukua dhana kama ipo, kisha endelea na hatua inayofuata kana kwamba haipo.

Hatua ya 4: Chunguza hiari ya mtoto

Maelezo yanamtaka jaji aangalie kwa karibu mazingira ya kesi, aone kama ushawishi wa mshiriki ulidhoofisha hiari ya mtoto. Yanaongeza kwamba hiari inaweza kuwa imedhoofishwa hata kama tendo lenyewe halikufanyika.

Mgeni hushangaa hapa. Si sheria inasema mtoto hawezi kuridhia? Ndiyo, na ridhaa yake haimwokoi mshtakiwa kwenye kosa. Ila nyongeza ni swali lingine, la kiasi. Kosa limekwisha kuthibitika, na sasa jaji anauliza kama, juu ya kosa hilo, mtoto alisukumwa kwa namna iliyozidi. Kama kila kosa la namna hii lingeleta nyongeza moja kwa moja, Tume ingeipandisha tu ngazi ya kuanzia na kuacha kuiita nyongeza. Ndiyo maana jibu la "ni mtoto, basi" halitoshi.

Mahakama zimezoea kutazama kama mtu mzima alitumia vibaya ujuzi, ushawishi au mali aliyomzidi nayo mtoto. Kwa lugha ya mtaani: alimzidi nini, na alikitumiaje? Tafuta mambo ya aina hii:

- Makazi na chakula. Binti aliyetoroka nyumbani akalazwa kwa mtu, kisha akaambiwa kodi inalipwaje.
- Vitu. Simu, nguo, kucha, nauli ya basi. Zawadi yenyewe si hoja. Hoja ni deni lililoundwa nayo.
- Pombe na dawa za kulevya, hasa mtoto anapozoeshwa halafu ananyimwa.
- Mapenzi ya kuigiza. "Wewe ni mke wangu, tukikusanya hela tutahama mji."
- Kumtenga. Kumfungia akaunti zake, kumsema vibaya mama yake, kumhamisha jimbo asikomjua mtu.
- Kanuni na adhabu. Kiwango cha pesa cha usiku, ruhusa ya kutoka, kofi la mara ya kwanza.
- Aibu na siri. "Nikiwatumia picha hizi shuleni kwenu itakuwaje?"

Kila jambo unalolitaja, liunganishe na badiliko katika mwenendo wa mtoto. Kusema tu kwamba mshtakiwa alimnunulia simu hakuthibitishi kitu. Lakini mfululizo huu unathibitisha: Jumatatu binti alikataa, Jumanne alipewa simu, Alhamisi alikataa tena akaambiwa airudishe na aondoke alale nje, Ijumaa akakubali. Ndio maana mazungumzo ya simu yanapaswa kusomwa yote kwa mpangilio wa tarehe na saa.

Kwa wakalimani na watafsiri wa Kiswahili hili lina uzito wa pekee. Ujumbe wa "basi nitumie nauli nije" ukiwekwa peke yake kwenye ukurasa unaonekana kama mtoto ndiye aliyeanzisha safari. Ukiwekwa baada ya siku tano za kubembelezwa, kununiwa na kutishiwa kuachwa, una sura nyingine kabisa. Mkabidhi wakili mazungumzo yote, pamoja na emoji, ujumbe uliofutwa na simu zisizopokelewa. Kiswahili hakina mtihani wa cheti cha shirikisho kama ule wa Kihispania. Mkalimani huingia kwa sifa nyingine za kitaaluma au kwa ujuzi wa lugha anaoukubali jaji. Kwa hiyo ubora unatofautiana, na wakili makini ataomba tafsiri ihakikiwe na mtu wa pili.

Hatua ya 5: Kukanusha

Utetezi unapokabiliwa na dhana ya miaka 10 unapaswa kuleta ushahidi kwamba hiari haikuvunjwa. Mambo yanayosikilizwa ni kama vile mtoto ndiye aliyetafuta mawasiliano, alikuwa amefanya mipango yake kabla ya kukutana na mshiriki, alikuwa na pa kwenda na aliondoka alipotaka, hakutegemea chochote kutoka kwa mshiriki, au uhusiano wao ulikuwa mfupi mno kujenga utegemezi.

Hoja inayopendwa ni kwamba binti alikuwa tayari akifanya biashara hiyo. Sioni kama ina nguvu inayodhaniwa. Aliyeingia kwa sababu ya njaa au kwa kusukumwa na kuwadi wa kwanza anaweza kusukumwa upya na wa pili, na mara nyingi wa pili anamchagua kwa sababu hiyo hiyo. Hoja itapata uzito pale tu inapoonyesha kwamba mshiriki huyu hakuongeza chochote.

Ushahidi ukishaletwa, mzigo wa kushawishi unabaki kwa serikali. Kipimo cha kawaida ni uwezekano mkubwa zaidi wa jambo kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli, si kile cha kuondoa shaka yote. Taarifa za kusikia kwa mwingine zinaruhusiwa katika hatua ya adhabu ikiwa zina dalili za kutosha za kuaminika. Mtoto halazimiki kupanda kizimbani tena kwa ajili ya ngazi 2. Maelezo yake kwa mhojaji, ujumbe wa simu na risiti vinaweza kutosha, na kwangu mimi kumwepushia kurudia simulizi ni sababu tosha ya kukusanya karatasi mapema.

Hatua ya 6: Usipime jambo moja mara mbili

Kifungu cha (b)(2) kina milango miwili: kudanganya utambulisho, na ushawishi usiofaa. Ukiingia kwa wa kwanza au wa pili, au kwa yote, ni ngazi 2 tu. Aliyejifanya wakala wa mitindo mwenye miaka 19 kumbe ana 40 anaingia kwa mlango wa uongo. Ila kutumia jina la bandia mtandaoni bila nia ya kumvuta mtoto kwa jina hilo hakuhesabiki.

Nyongeza ya malezi ikitumika, ile ya jumla ya kuvunja uaminifu, kifungu cha 3B1.3, inakaa pembeni. Nyongeza ya mwathiriwa dhaifu, 3A1.1, haiwezi kusimama kwa umri wa mtoto pekee kwa kuwa umri umo tayari ndani ya kosa. Inahitaji kitu cha ziada kama ulemavu wa akili. Mahakama nyingi za rufaa huruhusu jambo moja kugusa nyongeza mbili isipokuwa Mwongozo ukikataza waziwazi, lakini jaji akieleza madhara tofauti ambayo kila nyongeza inayalenga, kazi yake inasimama vizuri zaidi.

Na watoto wakiwa zaidi ya mmoja, kila mmoja anafanyiwa hesabu yake kana kwamba ni shtaka la peke yake. Ushawishi kwa mmoja hauhamishiwi kwa mwingine.

Hatua ya 7: Piga hesabu uone kama inabadilisha kitu

Chukua mfano wa kubuni. Mtu wa miaka 29 amekiri biashara ya ngono ya binti wa miaka 16, bila rekodi ya jinai. Ngazi ya kuanzia kwa mtoto wa miaka 14 hadi 17 pasipo nguvu wala ulaghai ni 30. Tendo lilifanyika: 2. Matangazo yalirushwa kwa simu, na simu huhesabiwa kompyuta: 2. (Mwaka 2011 Mzunguko wa 8 ulisema hata simu ya kawaida ya kupiga na kutuma ujumbe ni kompyuta kisheria, jambo lililowachekesha wengi mpaka walipoisoma sheria yenyewe.) Ushawishi usiofaa: 2. Jumla 36. Kukiri kosa kunapunguza 3, zinabaki 33. Jedwali linasema miezi 135 hadi 168.

Toa ushawishi, zinabaki 31: miezi 108 hadi 135. Lakini sheria ya kosa hilo ina kima cha chini cha miaka 10, kwa hiyo mwanzo wake unapandishwa kuwa 120. Ubishi wote, basi, ni kati ya miezi 120–135 na 135–168. Hapo inafaa kupigania.

Sasa badili kosa liwe kurubuni mtoto mtandaoni, bila tendo kufanyika. Kuanzia 28, kompyuta 2, ushawishi 2, toa 3: ngazi 29, miezi 87 hadi 108. Kima cha chini cha kosa hili pia ni miaka 10. Kwa hiyo mshtakiwa anasimama kwenye 120 hata ngazi hizo 2 zikiondolewa. Wakili wa utetezi anayetumia nusu ya waraka wake hapo, huku akisahau kuzungumzia maisha ya mteja wake, amepoteza wino. Bado nyongeza inaweza kuwa na maana ikiwa kuna ngazi nyingine za kuongezwa, kwa mfano 5 za mwenendo wa kurudia makosa dhidi ya watoto.

Mtu wa Afrika Mashariki ataona mfumo huu ni wa ajabu kidogo. Kwetu umri wa mtoto ndio unaopandisha adhabu kwa mkupuo. Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaanzia kifungo cha maisha kwa mtoto wa miaka 11 kushuka chini, si chini ya miaka 20 kwa wa 12 hadi 15, na si chini ya 15 kwa wa 16 hadi 18. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema vima hivyo vya chini vinabaki kisheria. Tanzania nayo ina miaka 30 kwa ubakaji, na maisha kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10. Kwa mifumo hiyo, namna mtoto alivyonaswa husikika zaidi kwenye maelezo ya jaji kuliko kwenye hesabu.

Hatua ya 8: Ripoti, pingamizi, na maneno ya jaji

Afisa wa probesheni anaandika ripoti ya kabla ya adhabu na kuwapa pande zote angalau siku 35 kabla ya kikao. Pingamizi la maandishi linatakiwa ndani ya siku 14 tangu kuipokea. Ripoti ya mwisho pamoja na pingamizi zisizomalizika inafika kwa jaji angalau siku 7 kabla.

Pingamizi zuri lina sehemu mbili. Kwanza, taja aya ya ripoti na jambo linalopingwa: "Aya ya 22 inasema alimpa makazi; hakumpa, aliishi kwa shangazi yake, na barua ya shangazi imeambatishwa." Pili, pinga hitimisho la kisheria hata kama mambo yote ni kweli. Ukipinga hitimisho tu, jaji anaweza kuchukua kila sentensi ya ripoti kuwa ukweli uliokubaliwa. Soma pia makubaliano ya kukiri kosa. Huenda mshtakiwa alikwisha kukubali nyongeza humo, au alikubali maelezo ya mambo yanayoithibitisha bila kuitaja.

Siku ya adhabu, jaji lazima atoe uamuzi juu ya jambo linalobishaniwa, au aseme halihitajiki kwa kuwa halitaathiri adhabu. Mwombe ayataje mambo yenyewe kwa sauti: nani, alifanya nini, mtoto akabadilikaje, ushahidi upi. Mwathiriwa ana haki ya kusikilizwa, naye anaweza kuchagua kuandika. Kisha jaji anapima mambo mengine yote ya sheria, maana tangu mwaka 2005 Mwongozo ni wa ushauri tu. Toleo lililoanza Novemba 2025 limeondoa hatua ya kati ya kutoka nje ya hesabu kwa kutumia vifungu vya Mwongozo wenyewe: sasa ni hesabu kwanza, kisha upimaji wa jumla.

Mara nyingi jaji humalizia kwa kusema angetoa adhabu ile ile hata kama amekosea kuhusu nyongeza. Sentensi hiyo inaweza kuzika rufaa. Kama uko upande wa utetezi, uliza palepale sababu ni zipi na zinahusianaje na hesabu iliyo sahihi, ili jibu liingie kwenye rekodi. Notisi ya rufaa ya mshtakiwa ni ndani ya siku 14 tangu hukumu kuingizwa kwenye daftari la mahakama, na kama makubaliano yake yana kifungu cha kuacha haki ya kukata rufaa, kisome neno kwa neno kabla siku hizo hazijaisha.